Meza ya Watoto Waliopotea

Siku za kawaida alikuwa dobi, tena dobi wa maneno machache. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao lililofunguka kwa nje na kugeuka kaunta. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, chupa ya kunyunyizia maji, na waya uliokatisha kutoka ukuta hadi ukuta ukiwa umelemewa na nguo za watu. Siri za mtaa mzima alizijua kutokana na kola na mifuko, na hakuna hata moja iliyotoka mdomoni mwake. Wateja walizoea. Unaleta suruali, anaigeuza, anaangalia magoti, anasema, "Ijumaa," basi.

Lakini siku moja kwa mwaka alishika kipaza sauti, na hapo huwezi kuamini ni yuleyule. Ndiyo maana watu walimwita Bi Kipaza. Wengi walishasahau kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Siku hiyo ilikuwa ya tamasha la watu wa milimani. Wazazi wao waliteremka mjini kutafuta kazi, wakapewa zile zilizokataliwa na wengine, wakachekwa lafudhi yao, na ikasemwa mitaani kwamba watu wa milimani ni wachafu, wachawi, tena wanaiba watoto. Siku moja wakachoka kuinamisha vichwa. Wakaomba uwanja wa shule, wakateremsha ngoma kubwa kutoka kwao, wakavaa walivyovaa babu zao, wakaimba kwa lugha yao mchana kutwa ili mji ujue na wao wana kwao. Tangu hapo hawakukosa mwaka. Wajukuu wao, ambao lugha ya mlimani waliijua maneno kumi tu, nusu yake matusi, walikuja pia na kujipaka rangi usoni.

Kazi ya Bi Kipaza kwenye tamasha ilikuwa meza ya watoto waliopotea. Meza moja, benchi moja fupi, ndoo ya maji ya kunywa, na kipaza sauti kilichounganishwa na spika za jukwaani. Mtoto akiletwa analia, yeye humtazama kwanza nguo.

"Mtoto wa kiume, miaka minne hivi," spika zilisema uwanja mzima. "Shati la mistari ya bluu. Kifungo cha pili kilitoka, kikashonewa kwa uzi mweupe. Mama uliyeshona uzi mweupe, njoo mezani, mwanao anasema una hasira lakini hapigwi."

Watu walicheka, na mama alikuja mbio. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyelala bila watu wake.

Jioni, kabla ngoma ya mwisho haijapigwa, alikishika kipaza sauti tena, na sauti ilibadilika.

"Mtoto wa kike. Miaka mitano. Gauni la njano, mkanda umefungwa nyuma, pindo limekunjwa mara mbili kwa sababu bado anakua. Ana doti jeusi shavu la kulia. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Anaitwa Kidoti. Aliyemwona amlete mezani."

Vijana walilijua tangazo hilo kwa moyo. Wengine walilitamka pamoja naye, kama watu wanaoitikia wimbo. Kuna waliodhani ni sehemu ya mila za mlimani.

Kidoti alikuwa mdogo wake.

Ilikuwa tamasha la pili tangu kuanza. Bi Kipaza alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yao, aliyekuwa jikoni na wanawake wengine, alimkabidhi mdogo wake kwa maneno mawili tu, "Mshike huyu." Alimshika mkono tangu asubuhi. Saa saba na nusu msichana mmoja wa mstari wa wachezaji akaumwa tumbo, mwalimu wa ngoma akaangaza macho, akamwona yeye, akasema, "Wewe, unajua hatua? Ingia." Nani angekataa? Alimkalisha Kidoti juu ya sanduku la ngoma, akamwambia, "Usibanduke hapa. Ukibanduka nitamwambia mama." Akaenda akacheza. Alicheza vizuri, watu wakampigia makofi, akaombwa arudie. Aliporudi kwenye sanduku, chini yake palikuwa na ndala moja.

Walimtafuta siku tatu. Walishuka visimani, wakafungua magunia sokoni, wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Mama yao hakumlaumu Bi Kipaza hata siku moja. Angemchapa, angemtukana, pengine ingekuwa nafuu. Alichofanya ni kushona. Kila mwaka, wiki moja kabla ya tamasha, alikata kitambaa cha njano akamshonea Kidoti gauni la umri ambao angekuwa nao mwaka huo. Miaka sita. Saba. Kumi. Gauni lenye mishono ya kifua. Mama alipofariki aliacha magauni kumi na manane ndani ya sanduku, la mwisho likiwa la mwanamke mzima, na Bi Kipaza aliyarithi. Hakushona mengine. Lakini kila mwaka aliyatoa yote, akayafua, akayapiga pasi moja baada ya jingine, akayatundika kwenye waya pamoja na nguo za wateja. Wiki hiyo mtu akichungulia dirishani aliona mtoto wa njano akikua kutoka ukuta huu hadi ule.

Na katikati ya umati, mwaka hadi mwaka, alimwona. Daima kwa mgongo. Gauni la njano, mkanda nyuma, kati ya miguu ya watu wazima. Alishajifunza kutosimama. Mara tatu za mwanzo aliruka meza akakimbia, akamgeuza mtoto wa watu, akakuta uso mwingine unaomshangaa.

Mwaka ninaousimulia, Bi Kipaza alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwenyekiti mpya wa tamasha, kijana mwenye simu mbili na haraka nyingi, alikuja dukani Jumatatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nina ombi, naomba usinielewe vibaya. Lile tangazo la mwisho. Mwaka huu tuna wageni, kuna wapiga picha. Watu wanakuja kufurahi. Sasa ukimalizia na lile... unanielewa? Watoto wangu wanaota ndoto mbaya."

Bi Kipaza alinyunyiza maji kwenye kola, akaipitishia pasi, mvuke ukapanda kati yao.

"Hata mimi," alisema.

Mwenyekiti aliondoka. Mchana huohuo akaja binti mmoja amebeba suti ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa binti wa Mjomba Lori.

Mjomba Lori hakuwa mjomba wa mtu yeyote hapo mtaani, ila watoto wote walimwita hivyo, na watoto wa watoto wao. Tangu tamasha la kwanza lori lake ndilo lililoteremsha ngoma na kuzipandisha. Alikuwa akiwagawia watoto pipi, akiwaacha wapige honi. Sasa alikuwa na miaka sabini na mbili, mapafu yamechoka, na kamati ilikuwa imeamua kumtunukia heshima jukwaani kama mmoja wa waanzilishi.

"Anataka hii kwa ajili ya siku yenyewe," binti alisema. "Na anakuulizia. Tangu apewe habari ya heshima hali chakula vizuri. Anasema uje wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Bi Kipaza alikwenda Jumanne baada ya chakula cha mchana. Alimkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, dirisha wazi, redio imezimwa. Binti aliweka kiti, akaambiwa atoke.

"Kaa, mwanangu."

"Nimekaa, Mjomba. Unajisikiaje?"

Mzee alimtazama mikono.

"Siku ile niliondoka saa nane," alisema. "Ngoma kubwa nne zilikuwa zimemaliza kazi, nikaambiwa nizirudishe kabla giza halijaingia, barabara ya kona si ya kuchezea. Jua lilikuwa kali. Nadhani aliingia ndani ya lori kutafuta kivuli. Nyuma kabisa, penye magunia. Nadhani alilala. Mimi nilipakia ngoma, nikafunika turubai, nikafunga kamba. Sikuangalia. Mwanangu, sikuangalia."

Bi Kipaza alisikia mtu anaburuta ndoo nje. Alisikia kila kitu vizuri mno.

"Kwenye kona ngoma zilihama. Nilisikia zikihama, nikasema nitazipanga nikifika. Nilipofika nikafungua turubai." Alikohoa muda mrefu. "Alikuwa ameshapoa."

"Ukafanya nini?"

"Nikamzika. Kwetu, kwenye safu ya watu wangu. Nikarudi mjini alfajiri nikawakuta mnamtafuta, nikaingia na mimi kutafuta. Siku zote tatu. Mji ulikuwa unasema tunaiba watoto. Ningesema mtoto amekufa kwenye lori langu, wangechoma nyumba zetu, tamasha lingeishia pale..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hayo niliyatafuta baadaye. Niliogopa, basi. Na kila mwaka ukisema lile tangazo, mimi niko nyuma ya jukwaa nafunga kamba za ngoma."

Bi Kipaza alikuwa amejiandaa kwa habari hiyo miaka thelathini na minane. Alikuwa amejiandaa kulia, kupiga, kuanguka. Hakuna kilichokuja. Alichofikiria ni yale magauni kumi na manane kwenye waya wake. Mama alikuwa akimshonea mtu ambaye hakuiona hata jioni ya siku ile. Saizi ya miaka sita haikuwahi kuwa na mwenyewe.

"Mkanda wake ulikuwa umefungwa?" aliuliza.

"Nini?"

"Mkanda wa gauni. Nyuma. Nilimfunga mimi. Ulikuwa bado umefungwa?"

Mzee alifikiri kweli, macho ameyafumba.

"Ulikuwa umefungwa."

Akasimama. Mzee akanyoosha mkono, akasema anaomba msamaha, akasema tena, na mara ya tatu sauti haikutoka.

"Suti yako itakuwa tayari Alhamisi, mzee," Bi Kipaza alisema. Hakumwita Mjomba, na wote wawili walilisikia hilo.

Aliipiga pasi ile suti kuliko alivyowahi kupiga nguo yoyote. Alitoa madoa ya miaka, akanyoosha bitana, akaweka mkunjo wa suruali unaoweza kukata karatasi. Asingeweza kukueleza kwa nini. Binti alipokuja kuichukua alimkuta amekaa sakafuni chini ya yale magauni.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa kama kawaida. Watoto walipotea wakapatikana. Wageni walikuja, wakapigwa picha, wakaondoka. Wazee wanne waliitwa jukwaani kupewa heshima, na Mjomba Lori alipandishwa akiwa ameshikwa na binti yake, akakalishwa kwenye kiti, suti imemkaa kana kwamba imeshonwa jana. Watu walimshangilia kuliko wengine wote. Honi, pipi, lori lake: nani asiyemkumbuka?

Mwaka huo yule mtoto wa mgongo hakuonekana. Bi Kipaza alimtafuta kwa macho tangu asubuhi, na kutomwona kulimtisha zaidi kuliko kumwona.

Jioni mwenyekiti alimtazama kutoka upande wa pili wa uwanja, akatikisa kichwa taratibu: mama, tafadhali. Bi Kipaza akawasha kipaza sauti. Alikuwa amepanga kulitaja jina la mzee. Alikuwa amelibeba ulimini tangu Jumanne kama jiwe. Kisha akamwona binti jukwaani akimpangusa baba yake jasho la shingoni kwa pembe ya kanga, na lile jina halikutoka.

"Mtoto wa kike," alisema, na vijana wakaanza kumfuatisha. "Miaka mitano. Gauni la njano." Wakawa naye. "Mkanda umefungwa nyuma. Anaitwa Kidoti." Akavuta pumzi. "Amepatikana."

Uwanja ukalipuka.

Hilo hakuwa amelifikiria. Vigelegele vilipanda kila upande, watu wakakumbatiana, wakarusha kofia, wapiga ngoma wakazivamia ngoma. Wanawake waliomjua mama yake walimjia wakilia kwa furaha, wakimvuta mikono, "Yuko wapi? Yuko wapi, tumwone!" Alijaribu kusema kwenye kipaza sauti lakini ngoma zilimmeza. Watoto waliokuwa wakingoja kwenye benchi walikuwa wakiruka na kupiga makofi.

Jukwaani, mzee mwenye suti alisimama. Hakuna aliyemsaidia, binti alikuwa akishangilia na wenzake. Alitembea hadi kwa wapiga ngoma, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma kubwa, ikazimika. Akaenda kwa ya pili. Walimheshimu, wakaacha. Uwanja ulipoanza kutulia, aliinamia kipaza sauti cha jukwaa.

"Msishangilie," alisema. "Mtoto alikufa. Alikufa siku ileile, ndani ya lori langu, nikamzika nikanyamaza. Huyu dada amejua Jumanne. Na bado amenipigia pasi nguo niliyovaa."

Akasimama hapo, kana kwamba anangoja kuambiwa aende wapi. Mtu mmoja alimtukana. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti kubwa. Mwenyekiti alikimbilia nyaya akazima spika, na watu wakabaki wanatazamana, rangi za tamasha zimewakaukia usoni. Ngoma ya mwisho haikupigwa.

Lakini Bi Kipaza aliona kitu kingine. Nyuma ya uwanja walikuwa wamekaa watu wa milimani wenyewe, wale waliosafiri na ngoma. Wanawake wazee saba au wanane kwenye mikeka. Hakuna aliyeshtuka, wala kumgeukia mwenzake kumuuliza. Walikuwa wameinamisha vichwa, kama watu waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Wiki mbili baadaye alipanda mlimani na binti wa mzee. Baba alikuwa hawezi tena safari, na nyumbani watu walikuwa wamemtupia mawe mara mbili juu ya bati. Kwenye kona, kila kona, binti alifumba macho.

Aliyewapokea alikuwa dada mkubwa wa mzee, bibi wa miaka themanini na ushee, mgongo umepinda lakini macho makali. Aliwaongoza nyuma ya nyumba, kwenye makaburi kumi na mawili yaliyopangwa mstari mmoja, na la mwisho lilikuwa fupi. Lilikuwa limefagiliwa. Pembeni maua yalikuwa yamekua na kukatwa na kukua tena, ya miaka mingi.

"Yeye alituambia ni mtoto wa njiani, hana watu wake," bibi alisema. "Jina hatukulijua. Tukamwita Mgeni. Nilimwosha mimi. Lile gauni lilikuwa na vumbi, nikalifua usiku ule likakaukia motoni. Pindo niliona limekunjwa mara mbili. Nikajua huyu ana mama."

Bi Kipaza alimgeukia.

"Mlijua."

"Mwaka wa kwanza uliposhika kipaza sauti, nilikuwepo. Ulisema gauni la njano, ukasema ndala moja. Nilikuwa nimeshika kikombe, kikaanguka." Bibi hakuyakwepa macho yake. "Nilirudi nikawaambia wanawake wenzangu. Tulikubaliana kunyamaza, ni kaka yangu. Tulikubaliana pia kaburi lisiote majani. Hata tukisema vipi, hatuwezi kuyalinganisha hayo mawili. Nalijua hilo."

Bi Kipaza alipiga magoti kwenye udongo. Wale wengine wawili walisimama. Upepo ulikuwa baridi, na chini bondeni watoto walikuwa wakiitana kwa lugha ambayo yeye aliisikia kila mwaka kwenye tamasha na kuielewa nusu. Baadaye alimfundisha bibi jina, silabi moja moja, kwa sababu bibi alikuwa na meno matatu: Ki-do-ti.

"Utamhamisha?" bibi aliuliza walipokuwa wanarudi. "Umpeleke mjini, kwa mama yake?"

"Sijui."

Hadi leo hajui. Miaka minne imepita. Magauni yale aliyagawa kwa watoto wa mtaani, isipokuwa matatu makubwa ambayo hayakumtosha mtu. Tamasha lilisimama mwaka mmoja, likarudi, dogo zaidi, na meza ya watoto waliopotea ipo, lakini yeye sasa husema ya watoto waliopo tu. Mzee alifariki miezi mitano baada ya siku ile. Mjini hakuna aliyetaka kumzika, binti yake akampandisha mlimani, akalazwa kwenye safu ya watu wake kwa upande wa kuingilia, maana ndiko palipokuwa na nafasi.

Habari zilipomfikia, Bi Kipaza alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani. Alitupa pasi sakafuni, ikapasuka mpini. Lakini hakwenda kugombana na mtu.

Anapanda mara mbili kwa mwaka. Kile kijia cha kwenda kwa Kidoti kinapita kando ya mguu wa kaburi la mzee, na upande wa pili ni korongo, kwa hiyo hakuna pa kuzungukia. Bibi anasema siku nyingine humwona amesimama pale kitambo, mdomo unacheza, kama anayesalimia au anayetukana, haijulikani. Siku nyingine hupita moja kwa moja, macho mbele, hatua za haraka, mfuko wa maua ameubana kwapani.